Gregori VII na ugomvi wa pete na fimbo

Tarehe 24 Januari 1076, mfalme wa Ujerumani, kijana wa miaka 25, aliketi na maaskofu wake mjini Worms wakamkana Papa Gregori VII, ambaye kabla ya upapa aliitwa Hildebrand. Barua aliyomwandikia ilianza na tusi mahali pa salamu: “Heinrich, mfalme si kwa kunyang’anya bali kwa agizo takatifu la Mungu, kwa Hildebrand, ambaye sasa si papa bali mmonaki wa uongo.” Ikamalizika kwa amri: shuka, shuka kwenye kiti hicho. Mwaka mmoja na siku moja baadaye, Heinrich huyohuyo alikuwa amesimama kwenye theluji nje ya lango la ngome ya Canossa, kaskazini mwa Italia, bila viatu, akimwomba huyo mmonaki wa uongo amfungulie.

Walioonja historia ya Kanisa kidogo hukumbuka picha hii ya pili, na huielewa hivi: Papa alimshinda mfalme, suala la nani ateue maaskofu likaisha. Karibu kila kipande cha maelezo hayo kina kasoro. Mfalme aliondoka Canossa na alichokifuata. Papa ndiye aliyekufa uhamishoni. Uteuzi wa maaskofu haukutajwa hata kidogo kwenye kiapo alichoapa Heinrich pale ngomeni. Tena Gregori VII, ambaye wengi wanadhani alitaka maaskofu wote wateuliwe na Papa, hakuwa akidai hivyo.

Tuanze na maaskofu wenyewe, maana bila kujua walikuwa watu wa namna gani, ugomvi mzima utaonekana kama kiburi cha wanaume wawili tu.

Askofu mwenye jeshi

Mfalme wa Ujerumani wa karne ya 11 hakuwa na mji mkuu wala watumishi wa serikali wa kulipwa mshahara. Alitawala akiwa safarini, kutoka ngome hadi ngome na abasia hadi abasia, akila ghala za wenyeji wake. Sehemu aliyoipa kisogo ilibaki mikononi mwa nani? Makabaila wakubwa walikuwa na watoto, na kila ardhi waliyopewa waliigeuza urithi wa ukoo. Askofu, kwa sheria, hakuwa na wa kumrithisha. Akifa, ardhi na madaraka vinamrudia mfalme, naye anampa mwingine anayemwamini. Basi wafalme wakawamiminia maaskofu mashamba, misitu, masoko, mahakama, ushuru, hata haki ya kufua sarafu. Ni kama leo mtu mmoja awe askofu wa jimbo na papo hapo mkuu wa mkoa, mwenye kukusanya kodi, kuamua kesi na kupeleka askari vitani. Kaisari Otto II alipoagiza wapanda farasi wa deraya kwa ajili ya vita vya Italia mwaka 981, zaidi ya nusu yao walitakiwa kutoka kwa maaskofu na maabati.

Askofu wa aina hii hakupatikana bila mfalme. Siku ya kukabidhiwa jimbo, mfalme alimpa pete na fimbo ya kichungaji akimwambia, “Pokea kanisa.” Pete ni alama ya askofu kufungamana na kanisa lake kama bwana arusi, fimbo ni alama ya uchungaji. Vyote viwili ni vya kiroho kabisa, na vilitoka mkononi mwa mtu asiyeweza hata kuadhimisha misa. Kwa muda mrefu hilo halikumkera mtu. Mfalme mwenyewe alipakwa mafuta matakatifu siku ya kutawazwa, akahesabiwa kuwa kitu fulani kati ya mlei na kasisi.

Kilichowakera watu ni fedha. Cheo chenye mashamba na ushuru kina bei, na bei ililipwa: kwa mfalme, kwa washauri wake, kwa familia kubwa za mji. Dhambi hiyo iliitwa usimoni, kwa jina la yule Simoni wa Samaria ambaye katika Matendo ya Mitume anataka kuinunua karama ya Roho kwa fedha. Kando yake kulikuwa na suala la mapadri wenye wake. Wanamageuzi walilizungumza kama suala la usafi wa moyo, lakini lilikuwa pia suala la mali: padri mwenye wana watatu hutafuta cha kuwagawia, na cha karibu ni shamba la parokia.

Mageuzi yaliyoletwa na mfalme

Hapa kuna jambo ambalo masimulizi ya “Papa dhidi ya mfalme” hulificha. Aliyeanza kuisafisha Roma alikuwa kaisari, naye alikuwa baba wa Heinrich wetu.

Mwaka 1046 Roma ilikuwa na watu watatu waliodai upapa. Benedikto IX, kijana wa ukoo wa watawala wa Tusculum, aliupata kwa nguvu ya familia. Aliwahi kufukuzwa, Silvester III akawekwa, yeye akarudi, kisha akaona afadhali auuze. Mnunuzi alikuwa baba yake wa ubatizo, padri mwenye sifa njema aliyetaka kuliondoa janga hilo Roma, akajiita Gregori VI. Ndiyo kusema mtu wa mageuzi aliupata upapa kwa usimoni. Heinrich III alishuka kutoka Ujerumani, akaitisha sinodi Sutri mwezi Desemba, akawaondoa wote watatu katika siku chache na kumweka askofu Mjerumani, ambaye siku ya Noeli alimvika taji la ukaisari.

Gregori VI alipelekwa uhamishoni Ujerumani. Kwenye msafara wake kulikuwa na kleri kijana aitwaye Hildebrand, mzaliwa wa upande wa Sovana, kusini mwa Toscana, aliyelelewa katika monasteri moja ya Roma. Miaka 27 baadaye, alipotakiwa kuchagua jina la kipapa, Hildebrand alichukua jina la bwana wake huyu aliyeondolewa. Ukitaka kujua alibeba nini moyoni kutoka Sutri, anzia hapo.

Alirudi Roma mwaka 1049 pamoja na Leo IX, papa mwingine aliyependekezwa na Heinrich III, na labda bora kuliko wote wa kizazi hicho. Leo hakukaa Roma kuandika amri. Alikwenda Reims, akaweka masalia ya mtakatifu Remigius juu ya altare, akawaambia maaskofu waliohudhuria wasimame mmoja mmoja watamke kwamba hawakununua vyeo vyao. Askofu wa Langres alitoroka. Ulaya haikuwa imezoea papa wa namna hiyo.

Kisha Heinrich III akafa mwaka 1056 akiwa bado na umri mdogo, akamwachia kiti mtoto ambaye hajatimiza miaka sita. Wanamageuzi wa Roma wakajikuta hawana mlinzi, na kwa kukosa mlinzi wakajifunza kusimama. Mwaka 1059 Papa Nikola II alitoa amri kwamba Papa achaguliwe na makardinali, maaskofu-kardinali wakitangulia, na heshima ya mfalme ikatajwa kwa maneno ambayo kila upande uliyasoma upendavyo. Mwaka huohuo akafanya urafiki na Wanormani wa kusini mwa Italia, wapiganaji wakali ambao miaka sita nyuma walikuwa wamemteka Leo IX vitani. Ujerumani nako mtoto Heinrich alikuwa akigombaniwa. Akiwa na miaka 11 aliporwa na askofu mkuu wa Köln kwa hila ya kumwingiza kwenye boti mtoni Rhine. Alijitupa majini akaopolewa. Mtu aliyekua hivyo hawaamini maaskofu upesi, na Heinrich IV hakuwahi kuwaamini.

“Shetani mtakatifu” ashika kiti

Tangu mwaka 1059 hivi Hildebrand alikuwa shemasi mkuu wa Roma, mkono uliosukuma mengi nyuma ya mapapa waliofuatana. Petro Damiani, mtakatifu mwenye ulimi mkali aliyefanya naye kazi, alimwita “Shetani wangu mtakatifu”. Sijui kama kuna maneno mawili yaliyowahi kumfaa mtu kuliko hayo.

Papa Aleksanda II alifariki 21 Aprili 1073. Kesho yake, mazishi yakiendelea katika basilika ya Laterano, umati ulianza kupaza sauti kwamba Hildebrand awe askofu wa Roma. Wakambeba hadi kanisa la San Pietro in Vincoli na kumkalisha kitini. Makardinali waliridhia, lakini utaratibu wa 1059 ulikuwa umerukwa na watu waliokuwa wakiimba jina lake. Adui zake hawakusahau. Alikuwa bado shemasi. Akapewa upadri mwezi Mei na uaskofu mwishoni mwa Juni.

Barua zake mia kadhaa zimehifadhiwa katika rejesta ambayo nakala yake ya asili ipo Vatikano, na ukizisoma unapata sauti ya mtu anayeamini kwamba mtume Petro anasema kinywani mwake. Anapotaka kumwadhibu mtu, anamwomba Petro asikilize. Anapodai utii, ni utii kwa Petro. Katikati ya barua za Machi 1075 kuna orodha ya vifungu 27, vifupi kama vichwa vya sura. Kwamba Kanisa la Roma halijawahi kukosea. Kwamba Papa hahukumiwi na mtu. Kwamba wakuu wote wa dunia wabusu miguu ya Papa peke yake. Kwamba anaweza kuwaondoa makaisari, na kuwafungua raia katika kiapo chao kwa watawala waovu. Orodha hiyo haikutangazwa kama sheria, lakini yaliyomo yalitendeka mwaka uliofuata.

Kwa watu wa kawaida, hata hivyo, kilichotikisa maisha yao kilikuwa kingine. Katika sinodi zake za Kwaresima za 1074 na 1075, Gregori alirudia makatazo ya kale dhidi ya usimoni na dhidi ya mapadri kuishi na wake, kisha akaongeza meno: waumini wasipokee huduma za padri anayekaidi. Altmann, askofu wa Passau, aliposoma amri hiyo mbele ya mapadri wake nusura wamuue. Askofu wa Konstanz aliwaacha mapadri wake wakae na wake zao, akapata barua kali kutoka Roma. Mjini Milano kulikuwa na kundi la walei, Wapataria, waliokuwa wakiwasusia na hata kuwapiga mapadri wa aina hiyo tangu miaka ya 1050. Sasa Roma ilikuwa upande wao waziwazi.

Kwa maoni yangu, hapo ndipo Gregori alipofanya jambo kubwa kuliko yote, kubwa kuliko Canossa. Alimpa mkulima na mfinyanzi haki ya kumpima padri wake na kumgeuzia kisogo. Waandamizi wake waliharakisha kuirudisha haki hiyo mikononi mwa maaskofu, lakini sheria ya useja ilibaki na ikakazwa. Mtaguso wa Pili wa Laterano, mwaka 1139, ulitamka kwamba ndoa ya padri si ndoa kabisa. Padri wa Moshi, Bukavu au Kitui anayeishi bila mke leo anaishi chini ya kanuni iliyokazwa katika miaka hiyo. Wakatoliki wa mapokeo ya Mashariki, ambao hawakuwa chini ya mageuzi hayo, bado wana mapadri wenye ndoa.

Milano, Worms, Roma

Mgogoro na mfalme ulilipukia Milano. Mwaka 1075 kiongozi wa Wapataria, Erlembald, aliuawa, na wakubwa wa mji wakamwendea Heinrich awape askofu mkuu. Mji tayari ulikuwa na mmoja aliyewekwa na Heinrich siku za nyuma na mwingine aliyekubaliwa na Roma. Heinrich akamteua wa tatu, Tedald. Alikuwa ametoka kuwapiga waasi wa Saksonia mwezi Juni, damu imechemka, na Italia ilikuwa sehemu ya ufalme wake. Kwa nini aombe ruhusa?

Gregori alimwandikia Desemba barua yenye kuonya. Siku ya Noeli, akiadhimisha misa usiku katika kanisa la Santa Maria Maggiore, alivamiwa na watu wa Cencius, mkorofi wa familia kubwa ya Roma, akaburutwa na kufungiwa mnarani. Raia walimkomboa kesho yake, naye, inasimuliwa, akarudi kumalizia misa. Baada ya wiki chache ndipo Heinrich akaitisha ule mkutano wa Worms.

Jibu la Gregori, katika sinodi ya Februari 1076, liliandikwa kama sala. Akisema na mtume Petro, alimzuia Heinrich asitawale Ujerumani na Italia, akawafungua Wakristo wote kutoka katika kiapo walichomwapia, akamtenga na Kanisa. Papa kumtenga mfalme hakukuwa kitu cha ajabu sana. Kuwaambia raia kwamba kiapo chao kimefutwa kulikuwa kitu kipya, na katika jamii ambayo kila uhusiano wa ardhi na askari ulisimama juu ya kiapo, kulikuwa sawa na kukata nanga.

Heinrich alitegemea maaskofu wake. Pasaka hiyo, askofu wa Utrecht alimtukana Gregori mbele ya watu. Punde kanisa lake kuu likaungua na yeye mwenyewe akafa. Waliotaka ishara wakaipata. Askofu mmoja baada ya mwingine alianza kutuma ujumbe Roma kuomba radhi. Wasaksonia wakaasi upya, na makabaila wa kusini, ambao hawakuwahi kumpenda Heinrich, wakagundua kwamba uasi wao sasa unaitwa utii kwa Petro. Walikutana Tribur mwezi Oktoba, wakampa sharti: akikaa mwaka mzima akiwa ametengwa, wao hawana mfalme. Wakamwalika Gregori aje Augsburg 2 Februari 1077, aamue kesi.

Siku tatu mlangoni

Sasa tazama hesabu ya Heinrich. Papa akifika Augsburg, mfalme atasimama mbele ya adui zake wote kama mshtakiwa. Njia pekee ni kumkuta Papa kabla hajavuka milima, tena si kama mfalme bali kama mwenye dhambi. Papa anaweza kumnyima mfalme haki yake. Padri hawezi kwa urahisi kumnyima maondoleo mtu anayetubu.

Akavuka Alpi kupitia Mont Cenis katikati ya majira makali ya baridi, pamoja na mkewe Bertha na mwana wao mdogo. Mwandishi wa kumbukumbu Lambert wa Hersfeld, ambaye hakumpenda mfalme na hapendi kuacha mandhari nzuri ipite, anasema wanawake walikalishwa juu ya ngozi za ng’ombe na kuburutwa kushuka mteremko. Gregori, akiwa njiani kwenda Ujerumani, aliposikia mfalme ameingia Italia alidhani anakuja na jeshi, akajificha Canossa, ngome ya Matilda, bibi mtawala wa Toscana na rafiki yake mwaminifu. Pamoja nao alikuwepo Hugo, abati wa Cluny, aliyekuwa baba wa ubatizo wa Heinrich.

Kuanzia 25 Januari, kwa siku tatu, mfalme alisimama langoni amevaa sufu bila viatu, akilia. Tunalijua hilo kutoka kwa Gregori mwenyewe, katika barua aliyowaandikia wakuu wa Ujerumani kujieleza. Na hapo amekiri jambo ambalo mwandishi mwenye kujipendelea angelifuta: kwamba waliokuwa naye ndani walimsihi kwa machozi, na baadhi wakasema moyo wake si uzito wa kitume bali ukatili wa dhalimu. Matilda na Hugo walimwombea. Siku ya nne lango likafunguliwa.

Heinrich aliapa kwamba angekubali uamuzi wa Papa kuhusu ugomvi wake na wakuu, na kwamba asingemdhuru akisafiri. Basi. Tedald, pete na fimbo havikutajwa. Gregori baadaye alisisitiza kwamba pale alimrudisha katika ushirika wa Kanisa tu, si katika ufalme; Heinrich alitenda kana kwamba amerudishiwa vyote. Makabaila waliona wameachwa mataani, wakakutana Forchheim mwezi Machi bila kumngoja Papa, wakamchagua Rudolf wa Rheinfelden kuwa mfalme. Ujerumani ikaingia vita vya wenyewe kwa wenyewe, na kwa miaka mitatu Gregori alisuasua, akijaribu kuwa mwamuzi kati ya wafalme wawili wasiotaka kuamuliwa. Pande zote mbili zilimlaumu, na sioni jinsi ya kumtetea hapo.

Katika kipindi hicho ndipo suala lililoupa ugomvi wote jina lake katika vitabu lilipata sheria kamili. Katika sinodi ya Novemba 1078 kleri yeyote alikatazwa kupokea uaskofu, abasia au kanisa kutoka mkononi mwa kaisari, mfalme au mlei yeyote. Yaani mfalme alikuwa ametengwa, ametubu na kusamehewa kabla marufuku hiyo haijaandikwa kwa ukamilifu huo.

Barua kwenda Bijaya

Kabla ya kumfuata Gregori hadi mwisho wake, inafaa kutazama upande wa Afrika, maana hapo anaonekana kwa sura nyingine. Mwaka uleule wa 1076 alipokea zawadi na Wakristo walioachiwa huru kutoka kwa al-Nasir, mtawala Mwislamu wa ukoo wa Wahammadi, katika Algeria ya leo, pamoja na ombi kwamba padri Servandus awekwe kuwa askofu kwa ajili ya Wakristo wa Bijaya. Kanisa la Afrika Kaskazini, lililowahi kuwa na maaskofu mia kadhaa katika enzi za Augustino, lilikuwa limepungua kiasi kwamba Gregori alilalamika hakuna hata maaskofu watatu wa kumweka mwenzao wakfu.

Alilikubali ombi, akajibu kwa adabu ambayo wafalme Wakristo hawakuionja kwake. Alimwandikia al-Nasir kwamba wao wawili wanadaiana upendo kuliko watu wengine, kwa kuwa wanamwamini na kumkiri Mungu mmoja, ingawa kwa namna tofauti, na kumsifu kila siku kama muumba wa nyakati. Mwaka 1965 Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ulipotoa tamko lake kuhusu dini zisizo za Kikristo, uliitaja barua hiyo katika sehemu inayohusu Waislamu. Tusimfanye mpole kupita kiasi: mwaka 1074 alikuwa amepanga kuongoza mwenyewe jeshi kwenda Mashariki kuwasaidia Wabizanti dhidi ya Waturuki, na alimwandikia Heinrich, wakiwa bado wanasalimiana, amlindie Kanisa la Roma yeye akiwa safarini. Hakwenda. Wazo hilo liliokotwa na Urbano II mwaka 1095, na tunajua lilikofika.

Salerno

Machi 1080 Gregori aliacha kusuasua, akamtenga Heinrich mara ya pili na kumtambua Rudolf. Safari hii silaha haikukata. Wengi waliona Papa anapigania upande katika vita badala ya kuhukumu dhambi. Heinrich aliwakusanya maaskofu Brixen mwezi Juni, wakamchagua Wibert, askofu mkuu wa Ravenna, awe papa badala yake. Ndiye antipapa Klementi III. Oktoba, kwenye mto Elster, jeshi la Rudolf lilishinda lakini Rudolf akakatwa mkono wa kulia na kufa kwa majeraha. Ulikuwa mkono ule alioapia utii kwa Heinrich, na hakuna aliyehitaji kufafanuliwa. Mkono huo mkavu bado umehifadhiwa katika kanisa kuu la Merseburg, alikozikwa.

Wilhelm, mtawala wa Uingereza, ambaye Hildebrand alimtetea wakati wa uvamizi wa 1066, naye alichagua siku hizohizo kumjibu Gregori kwamba fedha ya Petro, yaani mchango wa Waingereza kwa Roma, atalipa, lakini kiapo cha utii hakutoa wala hatatoa. Gregori hakumtenga. Alijua kuhesabu pia.

Heinrich aliizingira Roma kwa vipindi tangu 1081, akaingia Machi 1084. Makardinali 13 walikuwa wamemhama Gregori. Wibert alikalishwa kitini, na siku ya Pasaka akamvika Heinrich taji la ukaisari, huku Gregori akiwa amejifungia Castel Sant’Angelo, akiweza kuliona paa la basilika ya Petro. Mwezi Mei walikuja kumwokoa marafiki zake Wanormani, wakiongozwa na Robert Guiscard. Heinrich aliondoka bila kupigana. Wanormani waliingia, wakapora, na raia walipojaribu kupinga, wakachoma mitaa mizima. Warumi, waliompigia kelele Hildebrand awe papa miaka 11 nyuma, hawakumtaka tena. Akaondoka na waliomwokoa na waliouchoma mji wake, kwa kuwa walikuwa watu walewale.

Alifariki Salerno 25 Mei 1085. Maneno ya mwisho anayopewa yanageuza Zaburi ya 45. Zaburi inasema umeipenda haki na kuichukia dhuluma, kwa hiyo Mungu amekupaka mafuta ya furaha. Gregori alisema: nimeipenda haki na kuichukia dhuluma, kwa hiyo ninakufa uhamishoni. Wengine wanasikia utakatifu hapo, wengine uchungu. Mimi nasikia mtu anayemdai Mungu maelezo.

Nani alipata nini

Heinrich hakufaidi sana. Mwanawe mwenyewe alimpindua, akafa Liège mwaka 1106 akiwa ametengwa tena na Kanisa, na maiti yake ilisubiri miaka mitano kabla ya kuzikwa kwa heshima Speyer. Mwana huyo, Heinrich V, ndiye aliyesaini suluhu na Papa Kalisti II, tena huko Worms, 23 Septemba 1122. Kaisari aliacha pete na fimbo. Maaskofu wangechaguliwa kwa utaratibu wa Kanisa, lakini Ujerumani uchaguzi ufanyike mbele yake, na kabla ya kuwekwa wakfu mteule apokee kwake ardhi na madaraka ya kidunia kwa kuguswa na fimbo ya kifalme. Yaani cheo kimoja kilipasuliwa kuwa viwili. Mfalme alibaki na ushawishi mwingi, ila hakuweza tena kusema “Pokea kanisa.”

Na uteuzi wa Papa? Gregori alipigania uchaguzi wa makleri na watu wa jimbo husika, kwa kanuni za kale. Papa kuwateua maaskofu duniani kote ni jambo lililokua polepole baadaye, likaandikwa kama kanuni ya jumla ya Kanisa la Kilatini katika sheria ya mwaka 1917. Hata hivyo mkono wa serikali haujatoka wote. Rais wa Ufaransa, nchi isiyotaka dini iguse dola, bado kisheria huwateua maaskofu wa Strasbourg na Metz, kwa mkataba wa 1801 uliobaki pale kwa sababu sehemu hizo zilikuwa mikononi mwa Ujerumani Ufaransa ilipotenganisha Kanisa na serikali. Mwaka 2018 Vatikano na China walitia saini makubaliano ya muda kuhusu uteuzi wa maaskofu, ambayo maandishi yake hayajatangazwa.

Gregori aliandikwa katika orodha ya watakatifu mwaka 1606. Mwaka 1728 Benedikto XIII aliagiza sikukuu yake iadhimishwe na Kanisa zima, na sala za siku hiyo zikawa na somo linalosimulia jinsi alivyomwondoa Heinrich na kuwafungua raia katika kiapo. Mahakama kuu ya Paris ilipiga marufuku uchapishaji na matumizi ya somo hilo, na serikali nyingine za Kikatoliki zikafuata. Wafalme wa wakati huo walikuwa na maaskofu watiifu, majeshi ya kudumu na hazina zilizojaa. Lakini ukurasa mmoja wa kitabu cha sala, uliomhusu mtu aliyekufa miaka zaidi ya 640 nyuma, hawakutaka usomwe kanisani.